Kiharusi hakingoji kupambazuke

NI saa tisa usiku. Mzee aliyestaafu kazi ya reli anaamka nyumbani kwake upande wa Makongeni, Nairobi, akitaka maji ya kunywa. Kikombe kinamponyoka. Anajaribu kumwita mkewe lakini maneno yanamtoka mazito, mfano wa mlevi, naye hajaonja pombe kwa miaka mingi. Mkewe anawasha taa, anamkalisha kitandani na kumchua mkono kwa mafuta. "Umelalia mkono, Mzee," anamwambia kwa upole. "Pumzika kidogo, kukicha tutaenda hospitali."

Kunapokucha mkono wa kulia hauinuki kabisa na mguu unaburuta. Kijana wao anapigiwa simu, anafika saa mbili na nusu asubuhi, teksi inatafutwa. Wanaanzia zahanati ya jirani, ambako shinikizo la damu linapimwa na barua ya rufaa kuandikwa. Barabara ya Jogoo imefurika magari. Mgonjwa anafika chini ya mashine ya kupiga picha ya ubongo saa saba mchana. Zimetimia saa kumi tangu kikombe kilipoanguka.

Kisa hicho ni cha mfano, lakini wahudumu wa vitengo vya dharura hawatakiona kigeni. Hakuna ndani yake aliyemdharau mgonjwa. Mke alimhurumia, kijana alikimbia, zahanati ilifanya iliyoyaweza. Hata hivyo saa kumi zilipotea, na zilipotelea nyumbani na njiani kabla daktari bingwa hajamtia mgonjwa machoni.

Thamani ya saa hizo imewahi kupigiwa hesabu. Mwaka 2006 daktari Mmarekani, Jeffrey Saver, alikokotoa kwamba mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba na kuachwa bila tiba, ubongo hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Kiharusi cha namna hiyo kinapokomaa, kwa wastani baada ya saa 10, seli bilioni 1.2 huwa zimekufa. Seli hizo hazioti tena kama nywele au ngozi. Ndiyo maana maneno "tungoje kukuche", ambayo ni ya busara kwa homa au tumbo la kuendesha, huwa ghali mno kwa ugonjwa huu.

UBONGO, SI MOYO

Watu wengi huchanganya kiharusi na mshtuko wa moyo, na si ajabu kumwona mtu akimshika kifua mgonjwa aliyepooza mkono. Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Hata Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo kwa miaka mingi lilikiweka katika fungu la maradhi ya moyo na mishipa ya damu, lilikihamishia fungu la magonjwa ya mfumo wa neva katika orodha mpya ya magonjwa iliyotolewa mwaka 2018.

Hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi, ni mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo kuzibwa na bonge la damu iliyoganda. Sehemu iliyo mbele ya kizibo hukosa hewa ya oksijeni na sukari, ikaanza kufa. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo, ikaukandamiza. Katika nchi tajiri kiharusi cha kupasuka kwa mshipa ni takriban kimoja kati ya sita au saba. Barani Afrika sehemu yake huwa kubwa zaidi, na sababu kuu ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Kwa nje aina hizi mbili hufanana. Mkono unaolegea kwa sababu ya kizibo na unaolegea kwa sababu ya mshipa uliopasuka ni mkono uleule mmoja, na hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kumtazama mgonjwa tu. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu dawa inayomwokoa mgonjwa wa aina ya kwanza yaweza kumuua wa aina ya pili. Kinachotenganisha ni picha ya CT.

Nusu ya kushoto ya ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huongoza wa kushoto. Kwa watu wengi usemi nao hukaa upande wa kushoto. Mzee wa mfano wetu alipoteza mkono wa kulia pamoja na maneno kwa pigo moja. Hakuwa na magonjwa mawili.

Neno lenyewe, kiharusi, lina historia ya kuogopwa. Kuna wanaoliona kuwa upepo mbaya, shetani aliyempiga mtu au kazi ya hasidi. Imani hizo zimechunguzwa nchini Tanzania. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti walilinganisha wakazi wa Dar es Salaam na wale wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Jambo lililoshangaza ni kwamba wa jijini ndio waliotaja zaidi mapepo na uchawi, ilhali wa mashambani Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo. Anayedhani kwamba kuishi karibu na hospitali kubwa kunatosha kumwelimisha mtu ana la kujifunza hapo.

Maeneo hayo mawili ndiyo yaliyotoa moja ya hesabu za kuaminika zaidi za kiharusi katika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliandikisha kila mgonjwa mpya waliyempata. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na takriban wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Kiwango hicho cha jijini kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Nairobi si Dar es Salaam, lakini maisha ya miji hii miwili, kuanzia chumvi ya chakula hadi saa za kukaa garini, hayatofautiani sana.

USO, MKONO, USEMI

Mwaka 1998 wahudumu wa ambulensi na madaktari wa Newcastle, Uingereza, walitunga kipimo kifupi cha kukitambua kiharusi nje ya hospitali. Hakihitaji chombo chochote. Huangalia uso, mkono na usemi, kisha saa.

Mgonjwa aambiwe atabasamu au aonyeshe meno. Upande mmoja wa mdomo ukibaki chini, hiyo ni dalili. Afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele na kuishikilia kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka au ukikataa kuinuka, hiyo ni dalili. Kisha arudie sentensi fupi, mathalani, "Leo mvua imenyesha Nairobi." Akikokota maneno, akichanganya au akishindwa kuelewa alichoambiwa, hiyo nayo ni dalili. Moja tu kati ya hizo tatu, ikiwa imeanza ghafla, yatosha kumpeleka hospitali. Hakuna haja ya kungoja zote zitimie.

Hapa Nairobi pana jambo la kuongezea. Mzee aliyezungumza Kijaluo, Kikamba au Kikuyu nyumbani maisha yake yote apimwe kwa lugha hiyo, si kwa Kiswahili cha wajukuu wala kwa Kiingereza. Vinginevyo jamaa watasema "hajawahi kukijua vizuri" na dalili itapita bila kutambuliwa.

Zipo dalili nyingine ambazo kipimo hicho hakizikamati vyema: kutoona ghafla kwa jicho moja au upande mmoja, kuona vitu viwiliviwili, kupepesuka bila sababu, kizunguzungu kikali kinachoambatana na kutapika, au maumivu ya kichwa ya ghafla ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani. La mwisho hilo, hasa likifuatwa na shingo kukakamaa au kupoteza fahamu, huashiria damu inayovuja.

Neno la kushikilia katika yote haya ni "ghafla". Mkono unaokufa ganzi polepole kwa miezi una sababu zake. Kuna pia ugonjwa wa neva ya uso unaopindisha mdomo bila kugusa ubongo. Mara nyingi mgonjwa wake hushindwa hata kukunja kipaji na kufumba jicho la upande huo, ilhali wa kiharusi kwa kawaida hukunja kipaji vizuri. Lakini kutofautisha hayo ni kazi ya daktari. Anayekimbizwa hospitali na kuambiwa si kiharusi amepoteza nauli na usingizi tu.

Umri nao usimdanganye mtu. Ingawa wazee ndio huathirika zaidi, kiharusi huwapata pia watu wa miaka thelathini, wanawake wajawazito au waliojifungua karibuni, na watoto wenye ugonjwa wa selimundu.

SAA IPI?

Swali la kwanza ambalo daktari wa dharura atauliza halihusu bima wala umri. Atauliza: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi?

Swali hilo lina mtego. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa amepooza, hahesabiwi kuanzia alipoamka. Huhesabiwa kuanzia saa nne ya usiku, kwa kuwa hakuna ajuaye pigo lilikuja lini. Ndiyo maana mkewe, au mjukuu anayelala chumba kimoja naye, huwa shahidi muhimu kuliko kijana mwenye gari, na yafaa afuatane na mgonjwa hadi hospitalini. Akikumbuka kwamba Mzee aliamka saa nane kwenda msalani na kurudi akitembea vizuri, amemwongezea mgonjwa saa nne za matumaini.

Mtego wa pili ni wa Kiswahili chenyewe. Jamaa husema "ilianza saa nne" na anayeandika faili kwa Kiingereza akaandika nne, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ni saa kumi. Tofauti ya saa sita imeingia kwenye karatasi, na kwa ugonjwa ambao tiba yake hupimwa kwa dakika, tofauti hiyo yaweza kumnyima mgonjwa dawa au kumpa isiyomfaa. Njia rahisi ni kuonyesha kwenye simu jinsi saa hiyo inavyoandikwa, na kutaja kama ni usiku au mchana.

Baada ya saa kujulikana, mikono ya walio karibu ina kazi chache, na nyingi kati yazo ni za kujizuia. Mgonjwa asipewe maji, uji, chai wala dawa ya kumeza. Kiharusi hupooza koo pia, na kinachomezwa huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia, ambayo huua wagonjwa wengi waliookoka pigo la kwanza. Akiwa na usingizi mzito au anatapika, alazwe ubavu ili matapishi yatoke. Nguo za shingoni zilegezwe. Akiwa ana kisukari na kipima sukari kipo nyumbani, apimwe, kwa sababu sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi kwa kila hali na huisha punde baada ya mgonjwa kutiwa glukosi hospitalini.

Asipirini imejipatia sifa ya kuyeyusha damu, na wapo majirani wema watakaokuja nayo mkononi. Isitolewe nyumbani. Huwafaa waliozibwa mshipa, baada ya picha kuthibitisha hivyo. Aliyepasukwa na mshipa huongezewa uvujaji. Vivyo hivyo vidonge vya presha vya mtu mwingine, au vya mgonjwa mwenyewe vilivyoongezwa kwa haraka. Ubongo uliozibwa mshipa hutegemea shinikizo lililopanda ili damu kidogo ipenye pembeni. Kulishusha kwa pupa ni kuufungia hata ule mfereji uliosalia.

Tena kuna ujumbe ambao kwa miaka mingi umekuwa ukizungushwa kwa barua pepe na simu, ukidai kwamba mgonjwa akidungwa ncha za vidole kwa sindano hadi damu itoke atapona. Hauna msingi wowote. Damu inayotoka kidoleni haina njia ya kukigusa kizibo kilicho kichwani, na dakika zinazotumika kuitafuta sindano hazirudi.

NJIA YA KWENDA

Kutoka Makongeni hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta si mbali. Mtu huipita barabara ya Jogoo hadi mzunguko wa City Stadium, akashika Lusaka Road hadi Nyayo, kisha akaelekea Mbagathi. Usiku wa manane safari hiyo ni ya dakika chache. Saa mbili asubuhi au saa kumi na mbili jioni ni jambo jingine, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa ndani ya matatu pale akilitazama jua likizama. Kwa kuondoka saa tisa usiku badala ya kungoja kukuche, mzee yule angeokoa saa tano za kitandani na pia foleni nzima.

Nambari za dharura ni 999 na 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu kwenye 1199. Anayepiga aseme neno "kiharusi", ataje saa kilipoanza na alama ya kuonekana kwa urahisi, kama vile kanisa, shule au kituo cha mafuta, kwani nambari za nyumba Eastlands hazimsaidii dereva. Ambulensi ikiwa haipatikani kwa haraka, gari la jirani ni bora kuliko kungoja. Bodaboda haifai. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kujishika, na akisinzia njiani ataanguka.

Palipokuwa na mazoea ya miaka, kila mmoja alijua gari la nani hukesha uani na nani huamka akigongewa. Makongeni, mtaa uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ulikuwa na mazoea hayo kama ilivyo kwa Kaloleni, Mbotela na Maringo. Mwaka 2025 wapangaji wa Makongeni walianza kuhamishwa ili kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Wazee waliotawanyika kwenda mitaa mipya wana sababu ya ziada ya kuuliza mapema, wakiwa wazima, swali ambalo zamani lilikuwa na jibu: nikipatwa usiku, nani atanipeleka?

Lipo na swali la pili la kuulizwa mapema, nalo ni hospitali gani. Iliyo karibu zaidi si lazima iwe ndiyo inayofaa. Zahanati na vituo vya afya huokoa maisha kwa mambo mengi, lakini kwa kiharusi kituo kisichokuwa na mashine ya CT inayofanya kazi usiku na mchana hugeuka kuwa kituo cha kupoteza saa. Mgonjwa ambaye hapumui vizuri au amezimia apelekwe palipo karibu kabisa asaidiwe kupumua. Mwingine apelekwe moja kwa moja palipo na picha, na jamaa mmoja apige simu mbele kuuliza: mashine inafanya kazi sasa hivi? Daktari yupo? Mashine iliyoharibika haimwambii mtu mpaka afike.

NDANI YA HOSPITALI

Mgonjwa akifika mapema, mambo huenda kwa mfululizo. Njia ya hewa huangaliwa, sukari na shinikizo la damu hupimwa, moyo husikilizwa ili kujua kama mapigo yake yana mpangilio, kisha picha hupigwa. Picha ikionyesha damu, tiba huwa ni kulishusha shinikizo kwa uangalifu, kurekebisha kasoro za ugandaji wa damu na, kwa baadhi, upasuaji.

Picha isipoonyesha damu, hapo ndipo saa hugeuka kuwa dawa. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba waliochomwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alteplasi, ndani ya saa tatu tangu kupatwa, walikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa angalau asilimia 30 ya kubaki bila ulemavu, au na ulemavu mdogo tu, baada ya miezi mitatu. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya uliurefusha muda huo hadi saa nne na dakika 30. Dawa hiyo ina hatari yake: katika utafiti ule wa kwanza, takriban wagonjwa 6 kati ya 100 walivuja damu ubongoni. Kwa hiyo haichomwi bila picha, na aliyechelewa hupewa kwa nadra, katika vituo vyenye mashine za hali ya juu zinazoonyesha kama bado kuna ubongo wa kuokolewa.

Kuanzia mwaka 2015 tafiti kadhaa zilithibitisha njia nyingine: mpira mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja au mkono hadi kichwani na kulivuta bonge lenyewe nje. Tangu 2018 baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha wameweza kutibiwa hivyo hata ndani ya saa 24. Nchini Kenya hospitali zinazomudu hata ile dawa ya kwanza ni chache, na bei yake ni mzigo mzito. WHO iliitia alteplasi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini orodha peke yake haijazi rafu za famasia.

Je, basi, asiyeweza kuipata dawa hiyo akimbilie nini? Swali hilo huulizwa kwa haki, na jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kuokoka haitoki katika sindano moja. Hospitali inayompima mgonjwa kumeza kabla ya kumlisha, inayomgeuza asipate vidonda, inayoidhibiti sukari na homa, inayompa asipirini baada ya picha na kumwanzishia mazoezi ya viungo mapema, hupunguza vifo na ulemavu bila mashine za ajabu. Hayo nayo huanza pale tu mgonjwa anapofika.

Mlangoni mwa hospitali kikwazo kinachoogopwa zaidi ni pesa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalifanya kosa la jinai kwa kituo chenye uwezo kukataa kuyatoa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina ya kugharamia dharura na magonjwa sugu. Hata hivyo Wakenya hawajasahau Oktoba 2015, wakati mwanamume aliyegongwa na gari alipokaa ndani ya ambulensi jijini Nairobi takriban saa 18 akitafutiwa kitanda, kisha akafariki. Anayeijua sheria ana neno la kusema mlangoni: hii ni dharura, kiharusi, kimeanza saa fulani. Mazungumzo ya malipo yaje baada ya picha.

Kiharusi kisichopata tiba kwa wakati kina sura ambayo taifa zima liliiona. Kenneth Matiba, aliyezuiliwa bila kufunguliwa mashtaka Julai 1990 pamoja na Charles Rubia kwa kudai vyama vingi, alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini mwaka 1991. Alipoachiliwa alikwenda kutibiwa London, akarudi mwaka 1992 na kuwania urais, akawa wa pili nyuma ya Daniel arap Moi. Lakini mfanyabiashara yule mwenye nguvu, aliyewahi kuwa katibu wa kudumu akiwa kijana, hakurudia afya yake. Alipoishtaki serikali, kunyimwa matibabu kwa wakati kulikuwa miongoni mwa malalamiko yake. Agosti 2017 Mahakama Kuu iliamuru alipwe zaidi ya Sh500 milioni. Alifariki Aprili 2018.

KIHARUSI CHA MPITO

Lililosalia ni lile linalowapumbaza wengi zaidi. Wakati mwingine mdomo hupinda, mkono hulegea au maneno hupotea kwa dakika kumi au ishirini, kisha kila kitu hurudi. Familia hushukuru na kuendelea na chakula cha jioni. Madaktari hukiita kiharusi cha mpito: bonge liliziba, likajiachilia. Hatari ya pigo kamili huwa kubwa kuliko wakati wowote katika siku mbili zinazofuata. Utafiti uliofanywa Oxford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuwatibu watu hao mara moja badala ya kuwapa miadi kulipunguza viharusi vya mapema kwa asilimia 80. Dawa zenyewe ni za kawaida: za kupunguza ugandaji wa damu, za shinikizo na za kolesteroli.

Chanzo kikuu cha yote hupimwa kwa dakika mbili na mkanda wa mkononi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ugonjwa huu hauumi. Mwenye nao hutembea, huuza sokoni Burma, huendesha matatu, akiamini kwamba presha ni ya wenye mawazo mengi, na aliyeanza kumeza vidonge huviacha anapojisikia nafuu.

Kwa hiyo aliyepindwa mdomo mezani na kupona kabla sahani hazijaondolewa asilale nyumbani usiku huo. Aende hospitali akiwa bado anatembea na kusema, na aeleze mwenyewe, kwa kinywa chake, ilianza saa ngapi na ilidumu dakika ngapi.